Siku Yako ya Kukandwa: Maneno ya Kujua Mbele ya Kuingia

Munganga ameandika karatasi. Amekuambia: "Nenda katika chumba cha kukandwa. Utakandwa mara tatu kwa juma." Umeitika vizuri, lakini moyoni una maulizo mengi. Nitavua nguo? Nani atanigusa? Nitaumia? Sababu gani hawakunipa sindano au vidonge kama wengine?

Kuna wagonjwa wanaochukua karatasi ile, wanaiweka mufukoni, wanarudi nyumbani, na hatuwaoni tena. Nyuma ya miezi sita wanakuja na mukono uliokauka, usioweza tena kupeleka chakula kinywani. Mufupa ulipona vizuri, lakini kazi ya mukono imepotea. Hasara hii haikutoka kwa kuvunjika. Imetoka kwa woga na haya, na kwa sababu hakuna mutu aliyewaeleza. Kwa hiyo, ndugu na dada, someni maneno haya kwa utulivu, na musomee vilevile wale wa nyumba yenu wasiojua kusoma.

KUKANDA NI NINI?

Kukanda mwili ni kazi ya zamani. Karibu kila kijiji kina mama au muzee anayejua kukanda mugongo wa mutu aliyechoka shambani. Katika Injili ya Luka, sura ya 10, tunasoma juu ya Musamaria aliyetumia mafuta na divai kwa kusaidia mutu aliyejeruhiwa njiani. Mikono ya mutu mwenye huruma ni dawa ya kwanza ambayo wanadamu walipata.

Katika hospitali kazi hii inafanywa na mutu aliyejifunza. Watu wengi wanamuita "kine", kwa kufuata neno la Kifaransa. Hapa tutamuita mukandaji. Amejifunza namna mifupa, viungo, nyama za mwili na mishipa zinavyoshikamana. Hakandi tu. Anafundisha tena kutembea, kukaa, kuvaa nguo, kupanda ngazi na kushika jembe.

Mikono yake inafanya kazi kwa namna nyingi. Namna nne ni hizi:

1. Kupapasa. Kiganja kinateleza polepole juu ya ngozi, mara nyingi toka vidole kuelekea moyo. Hivi maji ya uvimbe yanasaidiwa kurudi katika mishipa.

2. Kukanda hasa. Nyama za mwili zinashikwa na kuachiliwa, kama mama anavyokanda unga wa mikate. Nyama zilizokazana zinalegea.

3. Kusugua. Kidole gumba kinazunguka mahali padogo, kwa mufano juu ya kovu lililoshikamana na nyama ya chini.

4. Kupigapiga. Mikono inapiga kidogo na upesi. Namna hii haitumiwi kwa kila mugonjwa.

Kukanda kunapunguza maumivu na uvimbe, kunalegeza kovu na nyama zilizokazana, na kunatayarisha kiungo kwa mazoezi. Lakini ujue na mipaka yake. Kukanda hakuungi mufupa uliovunjika. Hakuponyi malaria wala kifua kikuu. Hakuondoi usaha ndani ya mwili. Mutu anayekuambia kwamba mikono yake inaponya magonjwa yote, usimwamini.

Sikia mufano. Tuseme baba mumoja ameanguka toka juu ya muti wa mawese, na amevunja mukono karibu na kiganja. Hospitali inamufunga plasta karibu majuma sita. Siku ya kuifungua anaona mukono umekuwa mwembamba, ngozi inatoka magamba, na vidole havikunji. Anasema: "Hospitali imeharibu mukono wangu." Sivyo. Mukono ulikaa pasipo kazi. Kinga ikiachwa nje katika mvua miezi miwili, munyororo wake unashika kutu, ingawa kinga yenyewe haikuvunjika. Inahitaji mafuta na kuzungushwa polepole. Ni vivyo hivyo kwa kiungo cha mutu. Plasta imefanya kazi yake, na sasa mukandaji anaanza yake.

MBELE YA SIKU YENYEWE

Jitayarishe namna hii:

Oga kwa maji na sabuni. Usipake dawa za majani wala mafuta yenye harufu kali, kwa sababu mukandaji anataka kuona rangi ya ngozi yako.

Usije na tumbo lililojaa. Kula chakula chepesi, kiisha ngoja saa moja au mbili. Lakini mutu mwenye ugonjwa wa sukari asije na njaa. Kwenda chooni mbele ya kuingia ni vizuri, maana ni shida kulala kitandani na kibofu kilichojaa.

Vaa nguo pana. Mwanaume avae kaputula chini ya suruali. Mwanamuke alete vikwembe viwili, kimoja cha kujifunga na kimoja cha kujifunika.

Leta karatasi ya munganga, picha za mifupa kama ulipigwa, na dawa zote unazomeza, hata zile ulizonunua sokoni.

Ukipenda, kuja na mutu wa nyumba yako. Atajifunza namna ya kukusaidia, na wewe hutakuwa peke yako.

Kuna mambo usiyopaswa kuficha. Mwambie mukandaji kama una mimba, hata ikiwa ni changa. Mwambie kama una ugonjwa wa moyo, presha, sukari au ukoma, kama ulipasuliwa, kama unameza dawa ya kuzuia damu isigande, kama una homa, au vipele juu ya ngozi. Mutu mwenye ukoma au sukari, mara nyingi mikono au miguu yake haisikii moto. Asiposema, kitambaa cha moto kinaweza kumuunguza bila yeye kujua.

Uliza vilevile bei mbele ya kuanza, na mara ngapi utahitaji kurudi. Hakuna haya katika kuuliza. Ni vizuri kupanga mapema kuliko kuacha katikati kwa kukosa feza.

NDANI YA CHUMBA

Utakuta kitanda kirefu na kigumu kidogo, mito, shuka, na labda ngazi ya mbao, mipira au vyuma vya kushikilia kwa kujifunza kutembea. Hakuna kitu cha kutisha. Vyombo vile ni vya mazoezi tu.

Mukandaji atakusalimu na kukaa nawe kwanza. Siku ya kwanza ana maulizo mengi: Maumivu yalianza lini? Yanakuja usiku au muchana? Unafanya kazi gani? Nini hukuweza kufanya juma hili ambacho ulifanya zamani? Jibu kwa kweli. Kama huwezi kuchota maji, sema hivyo. Kama huwezi kupiga magoti katika sala, sema hivyo. Kwa maneno hayo atajua kazi mtakayoelekea pamoja.

Kiisha atatazama mwili wako. Atatazama pande zote mbili, ule mugonjwa na ule muzima, ili azilinganishe. Usishangae akishika muguu wa kuume wakati unaoumwa ni wa kushoto. Anaweza kupima kwa kipimo namna goti linavyokunjika, na kuandika hesabu katika kitabu. Hesabu ile ni faida yako. Nyuma ya majuma mawili utaona wenyewe kama umeendelea.

Kabla hajakugusa atanawa mikono kwa sabuni. Kucha zake zitakuwa fupi. Akisahau kunawa, unaweza kumukumbusha kwa heshima. Mutumishi muzuri hatakasirika.

Atakueleza anachotaka kufanya na kukuomba ruhusa. Atakulaza vizuri: ukilala chali, muto chini ya magoti; ukilala kifudifudi, muto chini ya vifundo vya miguu; mwanamuke mwenye mimba kubwa atalala kwa upande. Kama kulala hivyo kunakuumiza, sema. Watu wengine wanakandwa wakikaa juu ya kiti, na hakuna ubaya.

Pengine ataanza na kitambaa kilichowekwa katika maji ya moto. Atajaribu joto lake kwanza juu ya mukono wake, kiisha juu ya mahali pazima pa mwili wako. Joto linapaswa kuwa tamu. Likiuma, si dawa tena. Pengine atatumia mafuta kidogo ili mikono iteleze. Kama mafuta fulani yanakuwashia ngozi, mwambie mbele.

Kazi yenyewe mara nyingi inachukua dakika 20 hata 30. Unaweza kuzungumza, kunyamaza, au kusinzia. Tumbo likinguruma, au usingizi ukikushika, usione haya. Mwili uliolegea unafanya hivyo. Vuta pumzi polepole. Wengi wanashika pumzi na kukaza meno, nayo inafanya nyama za mwili zikazane zaidi.

HAYA NA HESHIMA

Sasa tuseme waziwazi juu ya neno linalorudisha wengi nyumbani, maana linahusu zaidi mama zetu na binti zetu.

Hutakaa uchi mbele ya mukandaji. Sehemu inayotumikiwa peke yake ndiyo inayofunuliwa, na sehemu nyingine zote zinabaki chini ya shuka au kikwembe. Akimaliza muguu mumoja anaufunika, kiisha anafunua mwingine. Wakati wa kuvua au kuvaa nguo anatoka nje au anavuta pazia. Kama ni bega linaloumwa, hakuna sababu ya kuvua kikwembe cha kiunoni.

Mwanamuke anaweza kuomba akandwe na mwanamuke. Kama hayupo, aombe mama mwingine au muuguzi mwanamuke akae chumbani. Mutoto asiachwe peke yake. Muzazi abaki karibu naye. Hii si kumushitaki mukandaji. Ni ulinzi kwa mugonjwa, na ni ulinzi kwake yeye vilevile.

Sehemu za siri hazikandwi. Kuna magonjwa machache, kama yale yanayofuata kuzaa kwa shida, ambayo yana matunzo yake ya pekee. Munganga ataeleza kwanza, na hakuna kitu kitakachofanywa pasipo wewe kukubali.

Ruhusa yako inabaki yako wakati wote. Kukubali jana si kukubali leo. Kukubali mugongo si kukubali kifua. Ukisema "basi" katikati ya kazi, mukandaji lazima aondoe mikono yake mara moja, pasipo kukuuliza mara mbili.

Kama mutu anayekukanda anasema maneno ya uchafu, au anagusa mahali pasipotakiwa, au anakuambia uje nyumbani kwake usiku kwa "matunzo mazuri zaidi," amka, vaa nguo zako, toka. Mwambie mukubwa wa wauguzi, au munganga, au mutu wa jamaa unayemwamini. Usikae na jambo hilo peke yako moyoni. Dhambi ni yake, si yako. Na sisi wazee wa kanisa, binti akituletea neno kama hilo, tumusikilize. Tusimunyamazishe kwa kulinda jina la nyumba wala jina la hospitali.

Shida hii si ya nchi yetu peke yake. Katika London, mwaka 1894, kulikuwa nyumba nyingi zilizofanya mambo mabaya chini ya jina la kukanda, na habari zake ziliaibisha watu. Wauguzi wanawake wanne hawakutaka kazi njema ipotezwe hivyo. Waliunda chama cha wanawake waliojifunza kukanda, wakaweka kanuni: mutu asikande pasipo neno la munganga, wala wasikande mwili wote wa wanaume isipokuwa munganga ameomba kwa sababu ya pekee. Mwaka 1920 chama kile kilipata hati ya mufalme wa Uingereza, na kutoka kwake kulitokea chama kikubwa cha wakandaji wa hospitali katika nchi ile. Kwa hiyo ukiona mukandaji anafuata kanuni, anafunika mugonjwa na kuomba ruhusa, ujue si kupoteza wakati. Kanuni hizo zilizaliwa katika aibu na machozi ya watu.

Tena kuna dada zetu ambao waliumizwa kwa nguvu katika vita za mashariki ya Kongo. Hospitali ya Panzi huko Bukavu, iliyoanza mwaka 1999 chini ya kanisa la Kiprotestanti, imetunza wengi wao. Kwa mutu aliyepita katika mambo hayo, hata mukono mwema unaweza kuamsha woga: moyo unapiga mbio, jasho linatoka, mwili unakazana. Dada, kama wewe ni mumoja wao, hulazimishwi kueleza habari yote. Inatosha kusema: "Kuguswa ni vigumu kwangu." Mukandaji mwenye akili atakwenda polepole. Anaweza kuanza na mukono tu, juu ya nguo, mulango ukiwa wazi na rafiki yako karibu. Anaweza vilevile kukufundisha mazoezi pasipo kukugusa hata kidogo.

JUU YA MAUMIVU

Wengi wanaamini kwamba kukandwa bila kulia si kukandwa, na kwamba maumivu makali yanafukuza ugonjwa. Neno hili si kweli, na limeharibu viungo vingi. Kwa mufano kiwiko: kikikandwa na kuvutwa kwa nguvu nyuma ya kuumia, mufupa unaweza kuota ndani ya nyama ya mukono, na kiwiko kinakazana kabisa. Mukandaji wa hospitali anaweza kukataa kukanda kiwiko kilichoumia, akakupa mazoezi mepesi tu. Usifikiri amekunyima matunzo.

Jifunze kutofautisha maumivu mawili. La kwanza ni kuvutwa, kama unavyosikia ukinyosha mugongo nyuma ya kulima. Linapungua mukono ukiondoka, na kesho au kesho kutwa limekwisha. Hili tunaweza kulivumilia. La pili linachoma kama kisu au moto, au linaleta ganzi, au linaendelea kukua. Hili ni onyo. Inua mukono na useme "Ngoja." Sema vilevile ukisikia kizunguzungu, maumivu ya kifua, au pumzi ikikatika.

Mukandaji anaweza kukuuliza: "Toka sifuri hata kumi, maumivu ni mangapi?" Sifuri ni hakuna, kumi ni makali kupita yote. Usitoe hesabu ndogo kwa kujionyesha mwanaume, wala kubwa kwa kuhurumiwa. Hesabu yako inaongoza mikono yake.

Akimaliza, usiruke toka kitandani. Geuka upande, kaa kidogo, kiisha simama. Kunywa maji. Mwili unaweza kuchoka siku ile. Lakini ukiona uvimbe mupya, damu iliyovilia chini ya ngozi, au homa, rudi hospitali pasipo kungoja siku yako.

WAKATI WA KUKATAA KUKANDWA

Hatudharau wazee wetu wa vijijini wanaokanda. Wengi wana mikono mizuri na roho ya huruma, na kukanda mugongo uliochoka ni kazi njema. Lakini kuna mahali ambapo mukono wa mutu yeyote, wa kijiji au wa hospitali, usifike. Shika mambo haya:

Mufupa uliovunjika leo. Usikandwe, usivutwe. Funga kwa ubao pasipo kukaza, na kwenda hospitali. Wengine wanafunga vijiti kwa nguvu sana, na damu haifiki vidoleni. Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi kila saa, fungua mara moja na kukimbilia hospitali. Mutoto anaweza kupoteza mukono mzima kwa kamba ya usiku mumoja.

Muguu mumoja uliovimba, wenye joto na maumivu katika nyama ya nyuma. Inaweza kuwa damu iliyoganda ndani ya mushipa. Ukiukanda, damu ile inaweza kukatika na kwenda katika mapafu, na mutu anaweza kufa upesi. Mama aliyezaa juzi, au mutu aliyelala kitandani siku nyingi, awe na uangalifu zaidi.

Tumbo la mwanamuke mwenye mimba. Usikubali mutu akande tumbo kwa nguvu ili "ageuze mutoto." Kondo la nyuma linaweza kuachana na tumbo la uzazi, damu ikatoka nyingi, na mama na mutoto wakafa. Kupapasa mugongo au miguu polepole ni jambo lingine, na mama akilala kwa upande linaweza kumupa raha.

Mahali penye jipu, kidonda, au mufupa wenye usaha. Kukanda kunaweza kusambaza ugonjwa.

Mugongo wa mutoto au mutu muzima unaotokeza nundu, pamoja na homa na kukonda. Inaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa ya mugongo. Dawa yake ni vidonge vya miezi mingi, si mafuta.

Mutoto mwenye maumivu ya mikono na miguu yanayorudi mara kwa mara, macho ya manjano, na damu kidogo. Usimukande kwa nguvu ukisema ni baridi. Peleka damu yake ipimwe. Inaweza kuwa ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao.

Na neno moja tena: usikubali mutu akukate ngozi kwa wembe ili aingize dawa mbele ya kukanda. Wembe uliotumiwa kwa mwingine unaweza kuleta ukimwi na ugonjwa wa ini, na dawa yenye udongo inaweza kuleta pepopunda.

KAZI YA NYUMBANI

Hesabu pamoja nasi. Ukikandwa mara tatu kwa juma, nusu saa kila mara, ni saa moja na nusu. Juma lina saa 168. Mukandaji ana saa moja na nusu. Zote zinazobaki ni zako. Kwa hiyo mutu anayetegemea mikono ya mukandaji tu, na nyumbani anakaa tuli, hatapona vizuri.

Kwa mukono uliotoka plasta: uweke katika maji ya vuguvugu, kiisha kunja na kunjua vidole mara kumi. Finya mupira wa matambara. Fanya hivi asubuhi, muchana na jioni. Kwa bega lililokazana: simama karibu na ukuta, na vidole vipande polepole kama buibui. Weka alama ya makaa mahali vilipofika. Kesho ujaribu kuipita kwa upana wa kidole kimoja.

Kwa muzee aliyepooza upande mumoja kwa ghafula: hatua ya kwanza ni hospitali siku ile ile, si mafuta ya kupaka. Mazoezi yaanze mapema, munganga akikubali, maana nguvu nyingi zinarudi katika miezi ya kwanza. Nyumbani, musimuvute kwa mukono uliopooza wakati wa kumuinua. Bega linaweza kutoka mahali pake. Akiwa bado hawezi kujigeuza, mumugeuze kila saa mbili, hata usiku, ili asipate vidonda vya kulala. Mupeni vitu kwa upande ule ulio dhaifu, ili akumbuke kuutumia. Tena zungumzeni naye. Mutu aliyekosa maneno hakukosa akili.

MAULIZO TUNAYOSIKIA MARA NYINGI

"Sababu gani sikupewa sindano?" Sindano inaweza kutuliza maumivu, lakini hakuna sindano inayofundisha goti kukunja. Goti linafundishwa kwa kukunjwa.

"Nikiwa katika siku zangu za mwezi, nisije?" Unaweza kuja. Kama unaona tabu, omba siku nyingine.

"Nikiombewa, bado nihitaji kukandwa?" Ndugu, katika Matendo ya Mitume sura ya 3, Petro alimwambia kiwete atembee kwa jina la Yesu Kristo, na vilevile alimushika mukono wa kuume na kumuinua. Kuomba na kushika mukono havipigani. Muchungaji aje kukuombea, na siku ya kukandwa usikose.

"Nimekwenda mara mbili na sijapona. Niache?" Usiache. Uliza mukandaji akuonyeshe hesabu alizoandika siku ya kwanza. Kama majuma mengi yamepita na hesabu hazibadiliki, rudi kwa munganga akutazame tena. Kuacha kimya hakusaidii wewe wala wao.

NENO LA MWISHO

Yesu alipomuona mwenye ukoma, alinyosha mukono na kumugusa, naye ni mutu ambaye hakuna aliyetaka kumugusa. Mwili wako si kitu cha aibu. Mungu aliuumba, na ni haki kuutunza. Unaweza kuulinda kwa neno "hapana," na unaweza kuutoa utunzwe kwa neno "ndiyo."

Basi tafuta karatasi ile uliyoiweka mufukoni. Tazama siku iliyoandikwa. Kama imepita, kuja hata hivyo, mulango haujafungwa. Oga, vaa nguo pana, chukua kikwembe chako, na mwambie mumoja wa nyumba yako mufuatane. Ukifika, sema bila woga mambo unayoogopa. Huo ndio mwanzo wa matunzo mema.